Mlango wa Chumba cha Mapipa

Skola,

Nimevuna ulezi mara tatu hujaonekana. Mara tatu, mjukuu wangu, mke mwenzangu. Kutoka Milanzi, huko mjini, hadi hapa si safari ya kuvuka nchi. Hata kuku wa mama yako mdogo angefika kwa miguu kama angeamua. Mbwa uliyemwacha amekufa. Huyu aliyepo sasa hakujui, atakubwekea kama mwizi, na mimi nitamwacha abweke kidogo kwanza ndipo nimkataze. Nimekupigia simu ukasema, "Bibi, nitakupigia." Nimekupigia tena ukasema hivyo hivyo. Simu unaikata. Barua utaikata vipi? Ukiichana mtu atakuuliza umechana nini.

Mama yako mdogo ameniambia kesho asubuhi unaondoka kwenda Kasesya. Kwamba umepata kazi ya kusafisha vyumba kwenye nyumba ya wageni, pale wanapolala madereva wa malori wakingoja karatasi zao za kuvuka mpaka kuingia Zambia. Aliniambia kwa furaha. Mimi nilikuwa nimeshika ungo. Nikauweka, nikakaa chini.

Mimi sikusoma, unajua. Kalamu naijua kwa kuiona kwenye masikio ya makarani. Kwa hiyo nasema na mtu anaandika. Mtu huyo utamjua nikifika mahali pake. Usiruke mistari kumtafuta. Kazi yake ni kuandika kama ninavyosema, hata pale anaponikunjia uso. Tumekaa uani kwenye jua, maana kipupwe cha mwaka huu kinauma mpaka kwenye meno, na mimi nimebaki nayo mawili tu. Barua itapanda pikipiki inayopeleka maziwa ya jioni mjini. Itakufikia kabla hujafunga begi.

Ule nini, uvae nini, usifuatane na nani, hayo mama yako mdogo atakuwa ameshakuchosha nayo. Mimi nataka kujibu swali lako. Siku ile ya mwisho ulisimama hapa mlangoni ukaniuliza, "Bibi, mama alikufa na nini?" Nikakupa jibu baya. Leo nakupa la kweli. Halitakufurahisha, na mimi halijawahi kunifurahisha.

Kile chumba cha nyuma unakikumbuka, chenye mlango wa mbao nzito na dirisha dogo lisilotosha kichwa cha mbuzi. Humo ndimo nilimokuwa nalaza pombe. Wewe ulizaliwa ukanikuta na mapipa ya plastiki ya bluu, lakini mimi nilianza na mitungi. Mtungi unausugua kwa majivu na maji ya moto, unaufudikiza juani, basi. Mapipa yalipokuja niliona nimepona: hayavunjiki, na moja linanywesha kijiji. Ila pipa lina tabia yake. Ndani linashika ute, unateleza kama samaki, na pombe ya mara ya pili inachacha kabla watu hawajatoka kanisani.

Na baridi ya huku unaijua. Pombe ya ulezi ikipigwa na baridi haiamki. Kwa hiyo tangu kwa mama yangu, na kwa mama yake, pombe ikishalazwa mlango unafungwa. Dirisha linazibwa kwa gunia. Mapipa unayavisha mablanketi kama wagonjwa. Mimi niliyavisha mpaka blanketi la mama yako, yeye akalala na kanga mbili. Na anayeingia ni mmoja tu, mwenye pombe au mtu aliyemtuma, kwa sababu tulifundishwa kwamba jicho la mtu likiingia na baridi ikiingia, pombe inakufa kifo kile kile. Sikuwahi kuuliza kwa nini. Nani angemuuliza mama yake?

Akaja bwana afya, kijana mwembamba, viatu vimejaa vumbi. Akachungulia mapipa yangu akasema, "Mama, haya uyaoshe kwa dawa, ile ya kung'arishia nguo nyeupe. Kizibo kimoja kwenye ndoo ya maji ya baridi, mlango wazi, halafu usuuze sana." Katika maneno yote hayo mimi nilisikia dawa. Kizibo sikukisikia. Mlango wazi niliusikia, nikacheka moyoni: huyu mtoto wa mjini anataka kuniulia pombe.

Kuosha nje sikutaka. Pipa tupu likionekana uani kila mtu anajua kwa Bibi Apolonia pombe imekwisha, wanakwenda kwingine. Kwa hiyo tulioshea mle mle ndani, mapipa mengine yakiwa na pombe iliyolazwa, mlango umefungwa, gunia dirishani.

Nasema tulioshea. Usinisikilize. Aliyekuwa anaosha ni mama yako, Jenoveva wangu. Mimi nilikaa nje kwenye kigoda napepeta na kutoa amri. Yeye aliinama kwenye pipa mpaka kiunoni, wewe ukiwa mgongoni, na sauti yake ilitoka mle kama ya mtu aliyetumbukia kisimani. Harufu ilipita chini ya mlango ikanichoma pua, nami nikaipenda. Nilidhani ikiuma ndiyo inafanya kazi. Nilikuwa nasema, "Ongeza." Yeye anasema, "Mama, kichwa kinaniuma." Mimi nasema, "Kichwa kinawauma wavivu. Ongeza."

Sasa sikia hili, maana ndilo.

Siku moja ute ulikataa kutoka. Nilikuwa na chupa nyingine niliyoinunua mnadani, dawa kali ya kusugulia masinki ya choo. Choo chenyewe cha sinki sikuwa nacho, lakini muuzaji alisema inakula uchafu wowote. Nikamwambia mama yako amimine zote mbili kwenye pipa moja, na maji ya moto juu yake. Yeye alifika darasa la saba. Akaigeuza chupa, akaisogeza kwenye mwanga, akasoma. Akasema, "Mama, hapa wameandika usichanganye na dawa nyingine."

Skola, wateja wangu wawili walikuwa wamekaa pale wanasikiliza. Nikaona mtoto niliyemzaa ananisomea mbele za watu. Nikamwambia, "Maandishi hayaoshi pipa." Wakacheka, nami nikacheka. Mama yako akaingia, akafunga mlango nyuma yake kama nilivyomfundisha.

Hapa mwandishi wangu amesimamisha kalamu. Anasema, "Bibi, hili tulipitie juu juu." Nimemwambia aandike neno kwa neno, la sivyo namtafuta mwingine, na mwingine hayupo.

Hazikupita dakika nyingi. Mlango uligonga ukuta na mama yako akatoka anatambaa. Wewe mgongoni ulikuwa unakohoa mpaka midomo imebadilika. Yeye macho yamefumba, machozi yanashuka, mate yanashuka, mikono inatafuta ukuta. Na nyuma yake niliona moshi fulani mwepesi wa rangi ya ugonjwa, si wa kuni, unatembea chini chini sakafuni. Mimi nikasema nini? Nikasema, "Rudi ufunge mlango, umeacha pombe wazi."

Akarudi.

Akarudi, Skola. Ila kwanza alikufungua mgongoni, akakuweka mapajani mwangu, akasema kwa sauti iliyokwaruza, "Mtoto haingii humu tena." Kisha akaenda kuufunga mlango. Nilimwona mjeuri. Nilimnunia siku mbili. Hakubadilika: tangu siku hiyo hukukanyaga kile chumba, na akiwa anaosha anakufunga mgongoni kwa mtu mwingine au anakuacha kwangu. Lile ndilo jambo pekee alilowahi kunikatalia maishani, na ndilo linalokufanya leo uweze kuisoma barua hii bila kusimama kila mstari kutafuta hewa.

Baada ya hapo tulichanganya mara chache tu, pale ute unapokuwa mkaidi. Lakini ile ya nguo nyeupe, peke yake, kila wiki, miaka na miaka, chumba kimezibwa. Kifua chake kikaanza kuimba. Mwanzoni kipupwe tu. Halafu hata masika. Akipanda na ndoo kutoka mtoni anasimama mara tatu, anajifanya anaangalia mashamba ya watu. Jioni nilikuwa naweka sikio langu mgongoni mwake nisikilize. Ilikuwa kama paka amelala ndani. Namuuliza, "Unasikiaje?" Anasema, "Nasikia sikio lako lina baridi, Mama." Alikuwa na utani hata kwenye mambo hayo.

Watu wakasema kifua kikuu. Akapimwa, hana. Basi nikatafuta mtu wa kumlaumu.

Nikampata Mama Kulwa. Unamkumbuka: yule Msukuma, mmoja wa wale waliokuja na ng'ombe wao wakafunga zizi pale chini ya mlima, anayepita na madumu ya maziwa asubuhi na jioni. Alikuwa amepita siku moja nyuma ya chumba changu, akasimama, akaita, "Bibi, humu kunanuka nini? Toa hili gunia, huyu dada atakufa humu." Na akalivuta gunia kwa mkono wake. Wiki ile pombe yangu ikachacha. Na kifua cha mama yako kikazidi. Mimi nikajumlisha: mgeni, amevuta gunia, ametaja kifo kwa mdomo wake, na jicho lake limeingia. Nikasema kwa sauti, kisimani, mbele ya wanawake, kwamba Mama Kulwa ndiye anayemla mwanangu. Sumbawanga hii ukisema neno la namna hiyo huhitaji kulisema mara ya pili. Watu wakaacha kununua maziwa yake. Usiku fulani zizi lao likabomolewa upande. Na mimi nikaziba dirisha kwa gunia la pili, nikaupiga mlango ubao wa ziada chini ili asiingize kitu.

Umeelewa nilichofanya? Mtu aliyesema fungua, mimi kwa ajili yake nikaziba zaidi. Na ndani ya kile nilichokiziba nikamweka mwanangu.

Hospitali mjini nilikwenda naye mwenyewe. Daktari alikuwa mama mmoja mpole. Akamuuliza, "Unafanya kazi gani? Unavuta sigara? Kuna moshi wowote unaovuta, dawa yoyote kali?" Mama yako akaniangalia. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi na mfuko wa viazi. Akaniangalia, halafu akamgeukia daktari akasema, "Nalima tu." Daktari akaandika analima. Akampa kidude cha kupulizia mdomoni, akasema aepuke vumbi la shamba. Njiani nikamuuliza kwa nini hakusema habari za mapipa. Akasema, "Ningesema wangekuja kukufungia pombe. Ungekaa unafanya nini, Mama?" Nikafurahi. Nilimwona mwana mwenye akili. Jumatano iliyofuata akaosha mapipa.

Alikufa asubuhi, jua limeshatoka, amekaa kitako ukutani, maana kulala chali alishakusahau. Wewe ulikuwa shule. Waliokuja kukuchukua darasani ni majirani, hilo unalijua kuliko mimi. Wiki ile ile mama yako mdogo akakuchukua kwenda kwake mjini.

Ya baadaye huyajui. Ilipokaribia misa yake ya arobaini nikataka kuandaa pombe ya watu. Mapipa yalikuwa na ute. Hapakuwa na wa kumwita. Kwa mara ya kwanza tangu niyanunue, nilishika brashi mimi mwenyewe. Nikafunga mlango kama desturi. Nikamimina zote mbili, na maji ya moto, kama nilivyokuwa naamuru, nikaingiza kichwa kwenye pipa.

Skola, sina namna ya kukuambia. Ni kama mtu amekuingiza mkono kooni akashika mapafu akayakamua. Hulii kwa uchungu, machozi yanatoka yenyewe. Unataka kupiga kelele na kelele inahitaji hewa. Nilitafuta mlango nikapapasa ukuta, nikapapasa pipa, nikapapasa ukuta. Na nikiwa chini pale sakafuni nikakumbuka kwamba kutoka kwenye chumba kile, mwanangu alipata mlango, na mimi nikamwambia arudi.

Aliyeupiga mlango teke ukang'oka ni Mama Kulwa. Alikuwa anapita na maziwa, akasikia kitu kinaanguka. Akajifunga kitenge puani, akanivuta kwa miguu kama ndama, akanilaza kwenye upepo, akanimwagia maji usoni na mdomoni. Nilipoweza kumwona nikamsikia anasema, si kwa hasira, kama mtu anayejisemea, "Kumbe hiki ndicho alichokuwa anakula Jenoveva."

Nesi wa zahanati alinieleza kwa Kiswahili cha taratibu, kama anamweleza mtoto. Kwamba dawa ya nguo nyeupe ikikutana na ile kali ya choo zinazaa hewa ya sumu, na maji ya moto yanaiharakisha. Kwamba ukiivuta sana inaweza kukumaliza pale pale, na ukipona inaweza kuacha kidonda ndani. Kwamba hata ile moja peke yake, mtu akiivuta kidogo kidogo kila wiki mahali palipofungwa, kifua kinaweza kuanza kuikataa hewa yenyewe. Nikamuuliza, "Kwa hiyo mwanangu hakulogwa?" Akanitazama. Nadhani aliona usoni kwangu kwamba jibu ninalo.

Sasa nafika pale ninapokuonea aibu kuliko mahali pengine pote. Ulipokuja mara ya mwisho, haya yote nilikuwa nayajua. Miaka ilishapita nayajua. Ukaniuliza, "Bibi, mama alikufa na nini?" Na mimi nikakujibu, "Muulize Mama Kulwa."

Lilitoka tu. Lilikuwa limekaa karibu na mdomo kwa miaka mingi, lile lingine lilikuwa mbali. Ukatoka mbio. Ukamkuta zizini kwake anachuja maziwa, ukayamwaga yote chini, ukamwita jina ambalo sitalitaja, ukapanda gari ukaenda zako. Mimi nilisimama hapa uani nikaona vumbi lako. Sikukuita.

Anayeandika barua hii ni Mama Kulwa.

Hii hati nzuri unayoisoma ni yake, alifika kidato cha pili huko kwao. Nilipokwenda kumwomba, nilimwambia kwanza nitakayoyasema. Akamaliza kukama ng'ombe mmoja mzima. Halafu akasema, "Lete karatasi. Mimi nina binti pia." Hapa sasa ananiambia niongeze kwamba maziwa uliyoyamwaga yalikuwa ya jana yake, yalikuwa yameshaanza kukatika, usijisumbue sana. Anadanganya. Yalikuwa mabichi, nilimwona akikama.

Mwanangu, maana umekuwa mwanangu tangu yeye aondoke, ningependa usiende. Lakini najua utakwenda, na sina cha kukupa cha kukufanya ubaki. Basi nikuambie ninavyoiona hiyo kazi nikiwa hapa.

Naona vyumba vidogo vyenye choo ndani, na dirisha la juu lililojaa buibui. Naona tajiri wako, mwanamke mwenye haraka, kwa sababu lori limeondoka na lingine limefika, anasema, "Funga mlango wageni wasisikie harufu." Naona ndoo na chupa tatu za maji ya kunywa zilizojazwa dawa za kupima, hazina hata karatasi, hujui ipi ni ipi. Naona chombo ambacho dereva amekojolea usiku kwa uvivu wa kutoka, na wewe unakimiminia dawa ile ya kung'arisha ili kukata harufu. Nesi aliniambia hata mkojo na ile dawa havipatani, hewa inayotoka inachoma. Hilo sikulijua na nimezeeka. Kimwage, kisuuze kwa maji kwanza.

Na naona kifua chako. Usidhani sijui. Ulipokuwa mdogo kila kipupwe ulikuwa unakohoa mpaka unatapika, na mama yako mdogo anasema hata sasa ukipanda mlima wa kanisani unashika kiuno. Ulikuwa mgongoni, Skola. Miezi mingapi sijui, sikuhesabu, nilikuwa nahesabu mapipa. Wengine wataivuta hewa ile wakohoe kidogo waendelee na kazi. Wewe usijipime nao.

Kwa hiyo dirisha kwanza, ndipo chupa. Dawa moja kwa wakati mmoja, maji ya baridi. Chupa isiyo na maandishi iache, na yenye maandishi isome mpaka mwisho, hata kama kuna watu wanakucheka. Hasa wakikucheka. Ukisikia koo linakuchoma, weka brashi chini, toka nje, acha mlango wazi nyuma yako, usirudi kuufunga. Akikuita yeyote, usirudi. Akikuita mama mtu mzima anayefanana na mimi, mwenye sauti ya kuzoea kutiiwa, ndiyo kabisa usirudi. Nakupa ruhusa ya kuwa mjeuri. Mama yako alikuwa mjeuri mara moja tu na akakuokoa. Laiti ungekuwa umerithi hata kidogo cha ujeuri wa siku ile.

Na ukibanwa ukapelekwa kwa daktari, akikuuliza unafanya kazi gani, usiniangalie mimi. Usimwangalie mtu yeyote. Mwambie unasafisha vyoo kwa dawa gani, na chumba kikoje. Usiseme unalima.

Mapipa sinayo. Niliyaacha mvua mbili nje yakanyewa na kuku, Mama Kulwa akayakata katikati, ng'ombe wake wanayanywea maji. Pombe sipiki tena. Wazee bado wanapita siku za Jumapili wananiuliza, "Apolonia, umestaafu?" Nawaambia nimefukuzwa. Mlango ule uling'oka siku ile na sijaurudisha. Gunia nimelitoa. Upepo unaingia kule na kutoka huku, na kipupwe chumba kile kina baridi kama kaburi, lakini huwa nakwenda kukaa humo kwenye kigoda. Nakaa tu. Ukitaka kujua Bibi yako anafanya nini siku nzima, ndicho hicho.

Sikuombi unisamehe. Neno hilo ningemwomba yeye, na yeye sasa hivi angeniambia, "Nyamaza, Mama, unapoteza pumzi." Nimekuambia ili ujue kile kitu kina sura gani, kwa sababu mimi kilinijia kwa sura ya usafi, kinanukia vizuri, kimetoka dukani, na nilikuwa nakidai kiongezwe.

Ng'ombe wameanza kurudi na Mama Kulwa anatazama jua, anatakiwa kukama. Pikipiki inaondoka maziwa yakishachujwa. Nimalize.

Ukija, na utakuja, pitia kwanza zizini umwamkie huyu aliyeandika. Kumwomba msamaha utajua mwenyewe utaanzaje, mimi mwenyewe sijaimaliza hiyo kazi. Halafu upande huku. Ukinikuta uani usiniamkie. Usiseme shikamoo. Weka begi chini, nigeuzie mgongo, uinamishe kidogo maana sifiki juu siku hizi. Nataka kuweka sikio. Nikishasikia kilichomo humo ndani, ndipo unigeukie tusalimiane.